Usimpende kuku kabla ya kuutazama ua wako

Iwapo nawe, msomaji, una mtoto anayekulilia umnunulie kuku, si wa kuchinja bali wa kufuga na kumpenda, basi keti kidogo nikusimulie safari niliyoifunga hadi Lamu. Huenda ikakuepusha na machozi ambayo mimi sikuweza kuyaepuka.

Mapema mwaka 2023 binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, aliona picha ya kuku weupe wenye manyoya laini kama pamba. Kuku hao huitwa Silkie na asili yao ni Uchina. Kwa hakika ni kuku wa ajabu. Ngozi yao ni nyeusi, miguu yao ina vidole vitano badala ya vinne, na manyoya yao yanafanana na ya paka kuliko ya ndege. Marco Polo, yule msafiri wa Venice wa karne ya 13, aliandika habari za kuku wa Uchina wenye nywele kama za paka. Ni wapole, hawaruki, na hukubali kubebwa na mtoto kama mwanasesere.

Sisi twakaa Kisauni, Mombasa, katika nyumba yenye ua mdogo upande wa nyuma. Nilinunua mitetea wawili kwa mfugaji mmoja, kwa bei ambayo nilimficha mke wangu. Muuzaji alinieleza habari za chakula na za chanjo. Jambo moja hakunieleza, nami sikuuliza: manyoya ya Silkie hayazuii maji. Kuku wa kawaida akinyeshewa hujikung'uta na maji yakaanguka. Silkie hulowa hadi ngozini kama kitambaa.

Mwezi wa Mei masika yalipochacha, upepo wa usiku uling'oa bati la kibanda. Asubuhi tuliwakuta wote wawili wamekufa, wamekumbatiana pembeni. Binti yangu aliwazika chini ya mpapai bila kudondosha chozi mbele yetu. Jioni alikuja nilipoketi akaniambia, "Baba, usininunulie kuku tena. Wewe hujui."

Msomaji, neno hilo liliniingia. Mtoto akikuambia hujui, na wewe ukajua kwamba amesema kweli, huna la kujibu.

Safari ya Lamu

Likizo ya Agosti ilipofika nilikuwa na shughuli Lamu, nikamwomba binti yangu tufuatane. Kusema kweli nilikuwa na hila moyoni. Nilitaka akaone kuchi, kuku maarufu wa pwani yetu, nikiamini kwamba akimwona jogoo wa kuchi atasahau Silkie na mimi nitasamehewa.

Basi liliondoka Mombasa alfajiri. Tulipita Kilifi na Malindi, tukavuka Mto Sabaki, na jua lilipokuwa limepanda tulikuwa Garsen tukivuka Mto Tana. Kutoka hapo njia hukata nchi tambarare ya vichaka na malisho hadi Witu, na askari husimamisha magari kukagua vitambulisho. Basi hukomea Mokowe, bara. Hapo ndipo hapana budi mtu ateremke na kuingia chomboni ili avuke hadi kisiwani.

Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hauna nafasi ya magari. Vichochoro vyake ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hulazimika kungoja. Watalii hutazama milango ya nakshi. Wewe ukifika, inua macho kidogo ndani ya nyua, uangalie kuku.

Kuku si mgeni wa jana katika pwani hii. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa yake Unguja Ukuu, kisiwani Unguja, katika tabaka za karne ya 7 na ya 8. Naye Ibn Battuta alipopitia Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, aliandikiwa wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama na samaki, akaiweka karamu hiyo katika kitabu cha safari zake. Asili ya kuku wote wa kufugwa ni ndege wa porini wa kusini mashariki mwa Asia, na bahari hii ya Hindi ni mojawapo ya njia zilizomleta kwetu.

Kuchi na mwenyewe

Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, rafiki wa marehemu baba yangu. Tulimkuta ameketi kwenye daka la nyumba yake, mkononi ana tasbihi.

"Karibuni, ndooni," alituita. Akamtazama binti yangu. "Huyu ndiye mjukuu wangu mwenye kupenda kuku?"

Binti yangu alimwamkia, akainamisha kichwa. Hakujibu habari ya kuku.

Mzee alitupeleka nyuma ya nyumba, mahali penye boma la mawe lenye mnazi katikati. Jogoo wa kuchi alikuwa amesimama wima kama askari wa gwaride. Miguu yake ilikuwa mirefu na minene, shingo ndefu, upanga mdogo uliobana kichwani, na kifuani manyoya yalikuwa machache hata ngozi nyekundu ikaonekana. Kuchi ni kuku mkubwa, na jogoo aliyelishwa vyema hupita kilo 3. Wataalamu waliochunguza urithi wa kuchi wa Tanzania wamemkuta ana udugu na kuku wa kupigana wa mashariki ya Asia, wakiwamo wale wa Japani. Kwa hivyo ule ukali wake si tabia mbaya aliyoiokota njiani. Amezaliwa nao.

Nilimpenda pale pale. Nikatoa pochi.

"Ngoja kwanza, mwanangu," mzee alisema. "Ua wako una hatua ngapi?"

"Saba kwa nne, mzee."

"Na nyumba ya pili yuko nani?"

"Mama mmoja mwenye mtoto mchanga."

"Na huyu mjukuu wangu ndiye atakayeingia kumlisha?"

Nikanyamaza. Mzee akatikisa kichwa. "Basi sikuuzii. Kuchi ataka uwanja. Ukimbana atapigana na mitetea, atapigana na paka, na siku moja atamrukia mtoto usoni. Kisha atawika saa tisa za usiku. Nikikuuzia, mimi nitapata pesa na wewe utapata kesi."

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Tangu utotoni nilidhani methali hiyo yasema habari za watu tu. Siku hiyo nilielewa kwamba inahusu jogoo pia.

Kuku asiye na shingo ya manyoya

Tulirudi ndani, tukaketi kwenye kiwanda cha nyumba, ule uwazi wa katikati unaoingiza mwanga na hewa. Hapo palikuwa na kuku wengine wakichakura. Mmoja alikuwa wa kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kuelekea mbele kana kwamba amepita kwenye kimbunga. Wengine wawili walikuwa wa kishingo, yaani wasio na manyoya shingoni. Ikiwa hujapata kumwona kishingo, jiandae. Shingo yake ni nyekundu na tupu kama ya tai, na mtu humdhania mgonjwa.

Mke wa mzee alimpa binti yangu punje za mchele. Kishingo mmoja, wa rangi ya kahawia, akaja moja kwa moja na kudonoa kiganjani mwake. Mtoto hakumgusa. Alimtazama kwa muda, kisha akauliza swali lake la kwanza tangu tufike.

"Babu, huyu akinyeshewa, hufa?"

Mzee hakumjibu kwa maneno. Aliteka maji kwa kata, akammwagia yule kuku mgongoni. Kuku akaruka, akalalamika, akajikung'uta mara mbili, kisha akarudi kwenye mchele kana kwamba hakuna lililotokea. Binti yangu akanyoosha mkono, akapapasa mgongo wa kuku, akafukua manyoya kwa kidole hadi chini.

"Ndani ni mkavu," alisema.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa miezi mitatu mtoto huyu hakuwa akinuna. Alikuwa akitafuta jibu la swali ambalo mimi, mtu mzima mwenye pesa, sikuliuliza kabla ya kununua.

Kishingo anaonekana vibaya, lakini ana sababu ya kuwa hivyo. Kuku hatoki jasho. Hupunguza joto kwa kuhema na kwa kuliacha litoke mwilini pale pasipo na manyoya. Kishingo aliyerithi hali hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupungukiwa na manyoya kwa kiasi cha asilimia 20, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili kiasi cha asilimia 40. Katika joto la Mombasa, hiyo ni neema. Yale machache aliyo nayo ni manyoya ya kawaida, nayo hustahimili mvua.

Mzee alitupa wote wawili, kwa maana kuku wa peke yake hudhoofika kwa upweke. Tuliwasafirisha kwenye pakacha, na tulipofika Kisauni tukawafunga uzi mguuni kwa siku chache mpaka walipolizoea tundu. Si unajua, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Wewe utachagua yupi?

Huenda wewe, msomaji, hukai pwani. Basi usimchukue kishingo kwa sababu mimi nimemsifu. Ukiwa Limuru au Nyandarua, ambako baridi huuma, mtafute kuku mwenye manyoya mengi. Silkie naye si kuku mbaya. Kwa mtu mwenye kibanda kisichovuja na sakafu kavu, ni rafiki mwema wa mtoto na ni mlezi hodari wa vifaranga, hata vya kuku wengine. Kosa halikuwa lake.

Ukitaka mayai kwa wingi, wapo kuku wa kienyeji walioboreshwa na watafiti wa KALRO kule Naivasha. Hutaga kuliko kienyeji wa kawaida, ila wengi wao hawapendi kulalia mayai. Ukitaka mtoto wako aone vifaranga wakianguliwa siku ya 21, chukua kienyeji wa kawaida au utafute mwenye kuatamia. Kuchi naye muachie mwenye uwanja, tena asimnunue kwa ajili ya kumpiganisha, maana huo ni unyama.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea: mtetea hahitaji jogoo ili atage. Jogoo huhitajika tu ukitaka vifaranga. Kwa hivyo, katika nyumba za kukodi zilizobanana, mitetea wawili au watatu bila jogoo watakupa mayai, na jirani ataendelea kukusalimu. Muulize kwanza mwenye nyumba, na uulize kaunti yako inaruhusu nini.

Usisahau chanjo ya ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo ukiingia unaweza kufagia kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Na kama tayari una kuku, mtenge mgeni kwa muda wa wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenyeji.

Sasa nimalize. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mvua za El Nino zilipiga pwani vibaya mno. Mombasa ilifurika, barabara zikageuka mito. Usiku mmoja niliamka kwa kishindo cha mvua, nikakuta kitanda cha binti yangu kitupu na mlango wa nyuma umefunguliwa. Nilitoka mbio. Nilimkuta amesimama mbele ya kibanda na kurunzi mkononi, nguo zimelowa chapachapa.

Ndani, kishingo wawili walikuwa wamelala kwenye kijiti chao, shingo zao tupu wamezificha chini ya mbawa. Bati lilikuwa limevuja kidogo kwenye pembe moja, na mmoja wao alikuwa amerushiwa maji. Binti yangu alipitisha mkono katika upenyo, akafukua manyoya kwa kidole kama alivyofanya Lamu.

"Ni wakavu, Baba," aliniambia. Kisha akanishika mkono tukarudi ndani.

Asubuhi nilipanda juu nikakaza bati, naye akanishikia ngazi.