Ulinzi wa Waliosahau

Msomaji, wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee akisahau neno lenyewe, nani atalilinda? Ni wewe na mimi.

Dimenshia ni maradhi ya ubongo. Si uchawi wala adhabu. Humnyang'anya mtu kumbukumbu kidogo kidogo. Kwa wengine chanzo chake ni mishipa ya damu iliyoharibika kichwani, na mishipa hiyo hiyo ndiyo mlango wa kiharusi. Shinikizo la damu lisilotibiwa huufungua. Tumbaku na ugonjwa wa sukari husaidia kuusukuma.

Nyanya yangu ana maradhi hayo. Usiku huamka akatafuta mbuzi waliouzwa zamani, na mama yangu hukesha naye. Jamaa mmoja alishauri apewe vidonge vya kutuliza akili ili nyumba ilale. Shauri hilo halikutoka katika ukatili, lilitoka katika uchovu. Hata hivyo, utulivu una bei yake. Mwaka 2004 wakuu wa usalama wa dawa nchini Uingereza walionya kwamba dawa mbili za namna hiyo, risperidoni na olanzapini, huongeza hatari ya kiharusi kwa wazee wenye dimenshia kiasi cha mara 3. Yako mahangaiko makali yanayozihitaji kwa muda mfupi, lakini apimaye ni daktari. Na aliyekwisha kuzianza asiachishwe ghafla bila shauri lake. Sisi tulichagua zamu. Wajukuu tuligawana usiku, taa ikaachwa ikiwaka, na nyanya akatembezwa uani mpaka atulie.

Lipo jambo la pili. Mgonjwa wa namna hii huenda asiweze kusema kwamba mkono wake umekufa ganzi. Kiharusi kikija, watu hudhani ni usahaulifu ule ule. Tofautisha kwa mwendo: usahaulifu huja kama machweo, kiharusi huja kama radi. Uso uliopinda ghafla, mkono ulioshindwa kuinuka, ulimi mzito leo kuliko jana, hizo ni dalili za kukimbilia hospitali. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo kwa kawaida hutolewa katika muda wa saa 4 na nusu za kwanza. Basi ishike saa uliyomwona mzima mara ya mwisho.

Msomaji, mzee asiyelijua jina lako leo alilijua kabla hujalijua wewe. Deni hilo hulipwa kwa macho yaliyo wazi.