Mkataa Wengi: Mwanafunzi wa Ajabu na Hatari ya Sifa Yake

Wahenga wa Kiswahili hawakumwamini mtu anayejitenga. Walisema mkataa wengi ni mchawi, na wakamshauri mgeni afikaye kwa wenye chongo avunje lake jicho. Methali hizi zina mantiki yake. Katika kijiji ambamo kilimo, harusi na mazishi ni shughuli za pamoja, mtu asiyeonekana katika shughuli hizo ni mzigo, na pengine ni tishio. Chuo kikuu hudai kufuata kanuni iliyo kinyume. Humpokea kijana kutoka kijiji hicho, kikamwagiza afikiri peke yake, ahoji aliyorithi, na akatae lililokubaliwa na wengi ikiwa halina ushahidi. Hata hivyo, kijana huyo akilichukua agizo hili kwa dhati, akalitekeleza hata katika mavazi, katika saa za kulala na katika namna ya kujibu maswali ya mtihani, chuo nacho hugeuka kijiji.

Kila idara ya fasihi humjua mwanafunzi wa aina hii. Ni yule avaaye koti zito la mtumba katika jua la Februari, na ambaye huinua mkono wakati wenzake wote wananakili. Amesoma vitabu visivyokuwa katika silabasi na hajavigusa vilivyomo. Akiulizwa swali kuhusu vina na mizani, huandika kurasa kumi na moja kuhusu kimya. Wenzake humpa lakabu, na wahadhiri humsimulia wakinywa chai. Bodi ya mitihani inapokutana, jina lake huchukua muda mrefu kuliko majina ya wengine, na mara nyingi mjadala huisha bila ya yeyote kuifungua karatasi yake na kuisoma.

Kiswahili chenyewe huonyesha ugumu wa kumweleza mtu huyu. Kuna kioja na kituko, maneno yanayochekesha. Kuna hamnazo na punguani, yanayompunguzia mtu akili. Kuna mkorofi, ambalo ni neno la adabu. Aidha, kuna majununi, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mtu aliyepagawa na majini. Mwanafunzi mmoja huweza kuitwa majina haya yote katika muhula mmoja. Kwa wenzake wa bwenini yeye ni kioja, kwa msimamizi wa bweni ni mkorofi, na kwa mhadhiri aliyesahihishwa mbele ya darasa ni hamnazo. Tabia inayoelezwa ni ile ile. Kinachobadilika ni umbali uliopo kati ya msemaji na msemwa.

Umbali huo hutegemea pia mali na nasaba. Historia ya vyuo vikongwe vya Uingereza ina mifano mashuhuri. Mwaka 1807 Byron, ambaye tayari alikuwa na cheo cha ulodi, alikuwa na dubu wake katika Trinity College, Cambridge. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake mwaka huo, alitania kwamba dubu huyo angewania nafasi miongoni mwa wanazuoni wa chuo. Watu walicheka, na wangali wanacheka. Shelley hakuvumiliwa hivyo. Mwezi wa Machi 1811 alifukuzwa kutoka University College, Oxford, kwa sababu ya kijitabu kilichotetea ukanaji Mungu, pamoja na kukataa kwake kujibu maswali kuhusu aliyekiandika. Hata hivyo, yeye naye alikuwa na jamaa wenye uwezo, na muda ulimpatanisha na waliomfukuza: mwaka 1893 chuo hicho hicho kilipokea na kuweka ndani ya kuta zake sanamu ya marumaru inayoonyesha maiti yake baada ya kufa maji. Mwana wa tajiri akivunja kanuni husemwa kuwa ana kipaji. Kuhusu mwana wa maskini wahenga walikwisha kusema: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba.

Ni katika Oxford hiyo hiyo ambamo aliingia, mwaka 1974, mwanafunzi Mwafrika ambaye habari zake zimekuwa kielelezo cha suala hili katika fasihi ya bara zima. Dambudzo Marechera alizaliwa mwaka 1952 huko Rusape, katika nchi iliyoitwa Rhodesia wakati huo na ambayo sasa ni Zimbabwe. Alikulia katika mtaa wa Waafrika wa Vengere, katika umaskini uliozidi baada ya kifo cha baba yake. Alikuwa na kigugumizi. Alisoma katika shule ya misheni ya St. Augustine's, Penhalonga, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Rhodesia. Mwaka 1973 alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliofukuzwa huko kufuatia maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi chuoni. Alivuka mpaka hadi Botswana, na baadaye akapata ufadhili wa kusoma katika New College, Oxford.

Maisha yake huko yamesimuliwa mara nyingi mno: ulevi, ugomvi, masomo yaliyotelekezwa, na tishio la kulichoma moto jengo la chuo. Mwaka 1976 aliwekwa mbele ya hiari mbili, ama akubali matibabu ya akili, ama aondoke. Akaondoka. Uamuzi huo hauna wa kulaumiwa mmoja. Chuo kina wajibu wa kuwalinda wanaolala ndani yake, na moto hauulizi nani ni mshairi. Hata hivyo, yafaa kuzingatia umbo la hiari zenyewe. Zilimtaka mwanafunzi huyu akiri kwamba tatizo lote lilikuwa kichwani mwake. Hazikuacha nafasi ya swali la pili, yaani, ni kitu gani kilimfanya kijana aliyepita katika mitihani yote ya misheni na ya mkoloni ashindwe kupumua katika mahali alipopigania kufika?

Swali hilo Marechera alilijibu mwenyewe kwa kuandika. Katika mkusanyiko wake wa The House of Hunger, uliochapishwa na Heinemann mwaka 1978, imo hadithi fupi iitwayo "Black Skin What Mask", ambayo jina lake linarejelea kitabu cha Frantz Fanon cha mwaka 1952. Hadithi hiyo inahusu wanafunzi wawili Waafrika mjini Oxford. Msimulizi ni mlevi na mchafukoge kidogo, mtu ambaye msimamizi yeyote angemwandikia ripoti. Rafiki yake ni kinyume chake: huoga na kujisugua bila kuchoka, huyapima mavazi yake na huyatengeneza matamshi yake, na katika kila jambo hutafuta kukubaliwa na wenyeji. Msomaji aliyezoea desturi za chuo atatazamia msimulizi ndiye aangamie. Anayejaribu kujiua ni yule nadhifu.

Hapa methali ya wenye chongo inapata jibu zito. Rafiki wa msimulizi aliusikia ushauri wa wahenga akautii. Alilivunja jicho lake mwenyewe, na alipolivunja akagundua kwamba wenye chongo bado wanamwona mgeni, kwani hawakuwa wakitazama macho yake bali ngozi yake. Kwa hiyo, hadithi hii inaupindua utaratibu wa kawaida wa kumtambua mgonjwa. Wazimu unaotisha haumo katika vituko vinavyoonekana na kila mtu. Umo katika utiifu usioonekana, ambao kila taasisi huusifu na kuupa alama nzuri. Idara inayomjadili mwenye koti la Februari kwa saa nzima huenda isimtambue kabisa mwanafunzi wa safu ya mbele ambaye daftari zake ni safi, na ambaye hajalala kwa majuma mawili.

Kinachosikitisha ni kwamba hadithi hii husomwa kwa nadra kuliko zinavyosimuliwa habari za mwandishi wake. The House of Hunger ilipata tuzo ya fasihi ya gazeti la Guardian mwaka 1979, nacho kinachokumbukwa zaidi kuhusu sherehe hiyo ni vyombo vya mezani ambavyo Marechera alivirusha. Alirejea nyumbani mwaka 1982, akatoa Mindblast mwaka 1984, akaishi muda mrefu bila makao ya kudumu katika jiji la Harare, na akafariki mwezi wa Agosti 1987 akiwa na umri wa miaka 35, kutokana na maradhi yaliyohusiana na UKIMWI. Tangu hapo sifa yake imekua, lakini imekua upande mmoja. Mtu anaweza kuwasikia vijana wakisimulia kisa cha sahani kwa furaha kubwa, wasiweze kutaja jina la hadithi moja. Wengine humuiga katika chupa na katika ususuavu, ambavyo ni vyepesi kuigwa. Usomaji wake, ambao ulizivuka mipaka ya silabasi yoyote, hauigwi, kwa kuwa unahitaji miaka.

Fasihi ya pwani inalo onyo la kale kuhusu jambo hili. Kila mtoto wa Kiswahili anamjua Abunuwasi, mjanja wa hekaya, mtu wa vituko mbele ya wafalme na matajiri. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya jina hilo alikuwapo Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad katika enzi ya Waabbasi, aliyesoma kwa wataalamu wa Basra na Kufa, na ambaye ni miongoni mwa watunzi wakubwa wa lugha ya Kiarabu. Vituko vilisafiri, mashairi yakabaki. Hekaya hizo ni tamu na zina hekima yake, wala haifai kuzidharau. Lakini kwa mshairi mwenyewe hiyo ni hasara: jina lake limevuka bahari likiwa tupu. Marechera yumo katika hatari ya kuwa Abunuwasi wa vyuo vikuu, na wahakiki ndio watakaoamua.

Dawa ni kurudi kwenye ukurasa, kwa sababu huko ndiko ajabu yake ilikokuwa ya kweli. Katika novela inayolipa jina kundi lile la hadithi, msimulizi anasumbuliwa na ugomvi wa lugha mbili kichwani mwake, Kishona na Kiingereza, hata ulimi wake unakwama. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuusoma ugomvi huo bila kumkumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986 alitangaza kuagana na Kiingereza katika uandishi wake. Marechera alifuata njia nyingine. Alibaki katika Kiingereza akakivuruga kutoka ndani, akazivunja sentensi zake na mfuatano wa wakati. Mtu anaweza kubishana na chaguo hilo, na yafaa abishane. Lakini hoja hiyo haiwezi kuanza mpaka kwanza vituko viwekwe kando.

Kiswahili nacho kina mfano wa mtu aliyeiweka ajabu yake kwenye karatasi. Euphrase Kezilahabi alihitimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akatoa Rosa Mistika mwaka uliofuata, na mwaka 1974 akachapisha diwani ya Kichomi, iliyoacha vina na mizani, pamoja na riwaya ya Kichwamaji. Shujaa wa riwaya hiyo, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye elimu imemtenga na jamaa zake bila kumpa jamaa wengine, na mwisho wake ni kujitoa uhai. Ubishi uliozushwa na Kichomi miongoni mwa wanamapokeo ulikuwa mkali, na baadhi yao walimwona mtunzi kama mharibifu. Faida yake ni kwamba ubishi ulihusu mashairi. Hata waliomkataa ilibidi wayasome. Aliyekataa wengi alikatalia mahali pafaapo, na uhakiki wa Kiswahili ulinufaika na ugomvi huo kwa miongo mingi.

Kutokana na mifano hii, wajibu wa idara unaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kumfukuza mwanafunzi wa ajabu kwa sababu ya ajabu yake ni kosa la zamani, nalo linajulikana. Kumwabudu ni kosa jipya zaidi, nalo hupendeza kwa kuwa halimgharimu mwabuduji kitu. Wanaomshangilia mlevi mwenye kipaji hawalali naye barabarani, wala hawamlipii hospitali. Baina ya makosa haya mawili ipo kazi ya kawaida isiyo na sifa: kujua kama mwanafunzi amekula, kumpeleka kwa daktari anapougua bila kuyafanya maradhi yake kuwa hukumu, na kuisoma kazi yake kwa ukali ule ule unaotumika kwa kazi za wengine. Ukali huo ni heshima. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ukurasa wake wa saba ni dhaifu amechukuliwa kuwa mwandishi, ilhali anayeambiwa tu kwamba yeye ni wa ajabu amefungiwa nje mara ya pili.

Marechera aliacha karatasi nyingi ambazo hazikuwa zimechapishwa. Baada ya kifo chake zilitolewa The Black Insider mwaka 1990, Cemetery of Mind mwaka 1992 na Scrapiron Blues mwaka 1994. Mtu aliyeishi kama wasemavyo wasimulizi wa sahani asingeweza kuacha kazi ya kiasi hicho. Zimeandikwa na mtu aliyekaa chini, siku baada ya siku, mara nyingi bila meza, akafanya yale ambayo chuo kikuu kilimwita kuyafanya. Vitabu hivyo vipo, na vinamngojea msomaji ambaye hatauliza kwanza mwandishi alivunja nini.