Silanga la Kinango na Chupa Tatu



Ukitoka Kwale mjini kuelekea Kinango, minazi hupungua kidogo kidogo na nafasi yake hushikwa na vichaka vya miiba. Visima vingi vya huko hutoa maji ya chumvi, basi watu hutegemea silanga, yaani bwawa lililochimbwa kupokea maji ya mvua. Alfajiri hukutana hapo ng'ombe, mbuzi na kina mama wenye madumu.

Miaka kadhaa nyuma, baada ya darsa, mama mmoja aliniuliza kando ya silanga hilo, "Sheikh, maji haya yafaa?" Nikamjibu kwamba yafaa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, maji yakifika kulatayni, ambayo wanavyuoni wa zama hizi huyakadiria kuwa lita 200 na ushei, hayanajisiki mpaka najisi iyabadilishe rangi, ladha au harufu. Tope halidhuru. Jawabu langu lilikuwa sahihi, lakini mama yule alikuwa na mtoto mgongoni aliyekuwa akiharisha. Yeye aliuliza kwa ajili ya mtoto, nami nilijibu kwa ajili ya udhu.

Safari hii nilimkuta binti wa kidato cha tatu, mjukuu wa mwenyeji wangu, akiyachunguza maji hayo hayo kwa kazi ya shule. Alikuwa na chupa tatu ndogo, kila moja ina kikaratasi kilichotiwa dawa. Ya kwanza aliijaza ukingoni wanaponywea ng'ombe, ya pili ng'ambo ambako maji yaonekana matulivu, ya tatu kwa maji ya silanga yaliyochemshwa na bibi yake. Akaziweka jikoni penye joto. Bakteria watokao kinyesini, akanieleza, wakiwamo maji hugeuka meusi.

Siku ya pili chupa mbili zilikuwa nyeusi kama wino. Ile ya ng'ambo ndiyo iliyonishtua, kwani hapo ndipo mimi hupendelea kuteka. Ya bibi ilibaki kama ilivyokuwa.

Mambo haya si mageni duniani. Mwaka 1884 tabibu Mjerumani Robert Koch alivikuta viini vya kipindupindu katika bwawa la mtaa mmoja wa Calcutta, India, ambamo watu walifua na kunywa. Nasi tumekatazwa na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, kukojoa katika maji yaliyotuama, na hatukuhitaji darubini kulijua hilo.

Nilimuuliza bibi kuhusu leso anayochujia. Binti akadakia: leso huondoa tope, bakteria hupita. Hata dawa ya klorini hudhoofika maji yakiwa machafu, hivyo yaachwe yatuame, yachujwe, kisha ndipo itiwe. Ama kuchemsha, yatokote hasa kwa dakika moja, kisha chombo kifunikwe. (Kuni nazo ni ghali, na bibi hakulificha.)

Nilimtafuta mama yule nimpe jawabu la pili. Nikaambiwa amehamia Mariakani, na mtoto yu hai, alhamdulillahi, yuko chuoni.

Alasiri nilitawadha pale pale silangani. Nilipofika kusukutua, mkono ulisita. Binti akanisogezea birika la bibi yake bila kusema neno.