Njia Nne Zisizo na Majina

Sataranji ni mchezo uliobahatika kuandikwa. Mwaka 1561, padri wa Hispania aitwaye Ruy López de Segura alichapisha kitabu juu yake, na hadi leo namna mojawapo mashuhuri ya kuufungua mchezo huo inabeba jina lake. Nyingine zinaitwa kwa Sisilia, kwa Ufaransa, kwa London. Mwanafunzi hutaja jina, akapewa kitabu.

Mjukuu wangu aliponiomba kitabu cha aina hiyo, nilimuuliza kwanza kama anajua kufungua bao. Akacheka. Bao, alisema, ni la wazee wanaongoja maji ya Kilombero yapungue mashambani. Jibu hilo lilinichoma kwa sababu lina ukweli: katika vijiwe nivijuavyo hapa Ifakara, wanaolizunguka bao wengi wana mvi. Basi nikamketisha.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili yaliyo kuliani mwa nyumba, na 22 zinabaki mkononi za kunamua. Mwenye kuanza hawezi kula, kwa kuwa kete zake hazijatazamana na za mwenzake. Atatakata tu, kwa shimo moja kati ya yale mawili, kushoto au kulia. Katika sataranji, mwenye kuanza ana hatua 20 za kuchagua. Katika bao ana 4.

Uchache huo usitudanganye. Ukitakata kulia, kete hujificha upande wako na mwenzako naye hana cha kula. Ukitakata kushoto kwa shimo la mbali na nyumba, kete moja inasimama mbele ya nyumba yake. Kwa shimo la karibu, zinasimama mbili, moja mbele ya nyumba na moja kando. Hapo mwenzako hana hiari, kwani kula ni sheria. Vita umeianzisha wewe, lakini pigo la kwanza ni lake.

Kijana alielewa upesi. Kisha akauliza, “Babu, hizi njia zinaitwaje?” Nilikosa la kumjibu. Vijiweni kwetu huonyeshwa kwa kidole: hii, ile. Lugha iliyotupa namua, takata, kimbi na mtaji haijanipa mimi neno hata moja la kuzitofautisha. Kitabu cha kina nikijuacho kuhusu umahiri wa bao, cha Alexander de Voogt wa Uholanzi, kilitoka mwaka 1995 kwa Kiingereza.

Kidole hakirithiwi. Mwenye nacho akizikwa, huzikwa nacho. Jina ndilo linalobaki kinywani mwa mwanafunzi, akaulizia, akabishia, akaandika. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliliingiza bao katika tungo zake karibu karne mbili zilizopita. Kazi hii, basi, si ngeni kwa washairi.

Nami nathubutu kuanza. Njia ya kushoto inayopeleka kete moja mlangoni pa mwenzako naiita Hodi. Inayopeleka mbili naiita Hodihodi. Mbili za kulia, zile za kungoja, nawaachia ninyi mzipe majina.