Ukiwa Mwenyekiti, Meza Maneno

Huku Massachusetts baridi imeanza lakini tumeshaizoea. Juzi binamu yangu kaniuliza kwenye simu, "Hivi nyie na maigizo yenu ya jioni huwa hamgombani?" Tunagombana sana! Vyombo vya nyumba moja havikosi kugongana. Leo acha niwaeleze tunavyogombana, maana kuna kitu nimejifunza humo.

Kwanza mkijue kikundi chenyewe. Miji mingi midogo ya huku ina kikundi cha maigizo ya ridhaa. Muuguzi, mwalimu, fundi bomba, mstaafu, wote wanakutana jioni baada ya kazi, wanakariri maneno na kupigilia misumari. Hakuna anayelipwa. Pesa za tiketi zinaishia kwenye mbao, rangi na kodi ya ukumbi. Mimi ni mtu wa taa, jukwaani sipandi, ndiyo maana wakanichagua niongoze vikao. Sasa fikirieni: mtu asiyelipwa akikasirika, hakuna mshahara wa kumrudisha. Anachukua koti lake, anaondoka, na wenzake wawili wanamfuata. Mjadala ukiharibika, kikundi kinakufa.

Vikao vyetu vinafuata kanuni za bwana mmoja aliyeitwa Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863 aliombwa kuongoza mkutano kanisani huko New Bedford, mji wa bandari hapa hapa Massachusetts. Mkutano ukamshinda, ikawa vurugu tupu. Akaanza kusoma jinsi mikutano inavyoendeshwa, na mwaka 1876 akatoa kijitabu cha kanuni. Kimeendelea kurekebishwa mpaka toleo la 12 lililotoka mwaka 2020.

Nyie mnaosikiliza Bunge mtazitambua kanuni zenyewe. Mtu anatoa hoja, mwingine anaiunga mkono, ndipo mjadala unaanza. Msemaji anaelekeza maneno kwa mwenyekiti, hamgeukii anayebishana naye. Aliyekwisha sema anasubiri mpaka kila anayetaka apate zamu yake. Unapinga hoja, nia ya mtoa hoja huigusi. Na mwenyekiti hachangii. Akitaka kuchangia, ampishe mwingine kiti.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitesa mwaka 2022. Mwalimu mmoja mstaafu alitoa hoja tuigize The Merchant of Venice ya Shakespeare. Wengi wenu mnaijua, ni ile Mabepari wa Venisi aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ikatoka mwaka 1969. Antonio anakopa dukati 3,000 kwa ajili ya rafiki yake, na Shylock, Myahudi mkopeshaji, anaandikisha kwamba asipolipwa atakata ratili moja ya nyama kwenye mwili wa mdaiwa.

Ukumbi ukawaka moto. Mama mmoja anayetushonea nguo za jukwaani, yeye mwenyewe Myahudi, akasimama akapinga. Akakumbusha kwamba mwaka 1943, chini ya Wanazi, mchezo huu huu uliigizwa Vienna ili Wayahudi wachukiwe. Akasema mwishoni Shylock analazimishwa kuwa Mkristo, na yeye amewahi kukaa kati ya watazamaji waliocheka hapo.

Mwalimu akajibu kwa upole. Shakespeare aliandika miaka ya 1590, na Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu mwaka 1290. Hata hivyo akampa Shylock hotuba ya kudai kwamba naye ni binadamu kama hao wanaomtemea mate. Kijana mmoja akaleta habari ya pesa: Shakespeare hana ada ya haki miliki, tutaokoa fedha. Mwingine akarusha neno kwamba wanaopinga hawajui sanaa. Hapo nikagonga meza. "Zungumzia hoja, ndugu, watu waache." Akakaa.

Mimi ulimi ulikuwa unaniwasha! Nilitaka kuwaambia kwamba kwetu tuliisoma kama habari ya riba na unyonyaji. Jina lenyewe la mabepari lilitoka miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Uyahudi wa Shylock hatukuujadili hata siku moja. Nilijiona nina jibu la kuwapatanisha wote. Lakini nimekalia kiti, nikameza.

Nikiwa nimenyamaza, nikawa namsikiliza yule mama kwa makini kuliko ningemsikiliza nikiwa nasubiri zamu yangu. Na kadiri alivyoendelea, jibu langu likazidi kupungua uzito. Mimi niliweza kukisoma kitabu kile kama somo la uchumi kwa sababu hakuna mtu wa ukoo wangu aliyewahi kufukuzwa mji kwa kufananishwa na Shylock. Yeye wa kwake walifukuzwa. Ningesimama na ubepari wangu, ningekuwa namwambia kwa adabu kwamba maumivu yake hayahusiki.

Tukapiga kura. Hoja ikapita, 16 kwa 13, pamoja na marekebisho kwamba kila usiku baada ya onyesho tukae na watazamaji nusu saa tuzungumze. Yule mama alikuwa upande ulioshindwa. Nilimtazama koti lake. Hakulichukua. Alisema, "Basi nguo ya Shylock nitaishona mimi, asije akavalishwa kama kikaragosi."

Aliishona. Kanzu ya mfanyabiashara wa heshima, nyeusi, yenye vifungo vya shaba. Mchezo ulipoonyeshwa mwaka 2023, Shylock alipolazimishwa kubadili dini, nilipunguza taa polepole nikisikiliza kama kuna atakayecheka. Usiku wote ule ukumbi ulikuwa kimya.

Siwaambii kwamba walikubaliana. Mpaka leo yeye na mwalimu hawajakubaliana, na wanapakiana chai kwenye mazoezi. Watu wanavumilia kushindwa kama wamesikilizwa mpaka mwisho, na kama mwenye kiti hakukitumia kuwapiga kumbo.

Kwa hiyo wale mnaoendesha vikao vya harusi, vikoba na ukoo, mkiona ulimi unawasha, jaribuni kuumeza kwanza. Wasalimieni wazee wote, na watoto waambieni mjomba anawakumbuka.