Tupite Shuleni Kabla ya Likizo

Mwezi huu twendeni pamoja hadi sekondari, hapahapa Nyarugusu, maana wengi mnapita tu barabarani mkiwahi mgao, ndani hamuingii.

Tuanzie Pedagojia. Mafinalisti wamemaliza staji katika shule za msingi. Mmoja alisahau somo katikati, mtoto wa dawati la mbele akamkumbusha! Tangu siku ile anaandaa somo vizuri kuliko sisi.

Mlango unaofuata ni Bio-kemia. Msitafute maabara. Chupa, moto na asidi, vyote tunavichora ubaoni kwa chaki. Mwaka huu wanafunzi walileta majivu na ndimu toka nyumbani, wakachanganya, povu likatoka, darasa zima likapiga kelele. Kwetu hayo ni mafanikio.

Lakini Mtihani wa Serikali ya Kongo hauulizi ndimu. Ni siku nne: elimu ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya sehemu yenyewe, karibu yote kwa Kifaransa. Asiyefika asilimia 50 hapati diploma. Kambi ilifunguliwa 1996, na mafinalisti wengi wamezaliwa humu. Kifaransa wanakisikia darasani tu.

Basi jioni tunarudia nao masomo mpaka giza liingie, taa hatuna. Wasichana wawili wameacha kuja, eti kuna maji ya kuchota na wadogo wa kulea. Jamani wazazi, mpaka mtihani uishe, hiyo ndoo abebe kaka yake.