Karamu Ndogo Juu ya Ziwa Chala

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta huipita Mwatate, Bura na Maktau, kisha huingia nyika pana ya Tsavo Magharibi, ambako njia hunyoka kwa maili nyingi bila nyumba wala shamba. Baada ya Mbuyuni hukiona kilima kidogo cha Salaita, na punde si punde amefika mpakani. Wengi hudhani kwamba mambo ya kutazamwa yamekwisha hapo, na kilichobaki ni soko, malori na afisi ya forodha. Hawajui ya kuwa maili chache kaskazini ya mji wa Taveta liko ziwa ambalo jicho haliwezi kuliona mpaka mtu asimame ukingoni mwake. Ziwa hilo ni Chala.

Limekaa ndani ya shimo la volkano, chini ya mabega ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, kadiri ya futi 2,900 juu ya bahari. Upana wake ni maili moja na nusu hivi, na kina chake hukaribia futi 300. Kuta za mawe na vichaka zimelizunguka, nazo hushuka kwa ghafula, mahali pengine mamia ya futi, mpaka majini. Hakuna mto mkubwa uingiao wala utokao. Mvua inyeshayo katika misitu ya Kilimanjaro huzama ardhini, hupita chini kwa chini katika mawe ya volkano, na kuchipuka ndani ya ziwa. Kisha maji hutoka tena kwa njia iyo hiyo ya siri. Ndiyo sababu maji yake hayana chumvi, ingawa hayana mlango wa kutokea uonekanao. Mwaka 2016 wataalamu walitoboa tope la sakafu yake kadiri ya futi 700 kwenda chini, nao wamekadiria kwamba tope hilo limekuwa likijilimbikiza kwa muda wa miaka ipatayo 250,000.

Mpaka wa Kenya na Tanzania wapita katikati ya maji. Mtu asimamaye upande wa Kenya hutazama magharibi: kwanza huyaona maji ya buluu chini ya miguu yake, kisha ukuta wa ng'ambo, kisha mashamba ya Rombo yakipanda polepole, na juu ya yote Mawenzi, mweusi wenye meno, na Kibo nyuma yake na theluji iliyosalia.

Mahali pa namna hii huvuta watu wenye jambo la kufurahia. Mathalani karani wa Voi aliyemaliza miaka yake ya kazi ataka kuwakusanya jamaa zake wale pamoja, nao wamkumbuke kwa kitu kingine zaidi ya hotuba ndani ya ukumbi wa mabati. Au mkulima wa Wundanyi ambaye binti yake amefaulu masomo. Hao wote waweza kufanya karamu nzuri sana juu ya Chala, kwa gharama isiyowatia katika deni. Lakini Chala si uwanja wa shule, na apangaye karamu huko hana budi kulijua ziwa kabla ya kupiga hesabu ya mchele.

Hesabu ya kwanza ni ya watu. Ishirini na watano ni wengi wa kutosha. Hao huingia katika matatu mbili, huketi chini ya turubai moja, na zaidi ya hayo mtu mmoja akisimama aweza kuwatazama na kujua mara moja kama kuna apungukaye. Wakifika sitini haiwezekani tena. Ni vigumu kwa Mwafrika kumwambia binamu yake kwamba hakualikwa, na pengine ni jambo gumu kuliko yote katika shughuli nzima. Hata hivyo ni afadhali kufanya karamu ya pili nyumbani kwa waliobaki kuliko kuwapeleka wote mahali penye ukingo kama ule.

Siku yafaa ichaguliwe katika miezi ya kiangazi. Tangu Machi hata Mei mvua za masika huharibu barabara za udongo, na mvua za vuli huanza Oktoba. Januari na Februari ni miezi mizuri ingawa jua ni kali. Kuanzia Juni mpaka Septemba hewa ni baridi kidogo, lakini upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu wakati wa mchana, na turubai lisilofungwa vizuri huenda likamaliza safari yake majini.

Saa nayo ina maana yake. Mlima huonekana asubuhi. Jua likichomoza nyuma ya watazamaji huupiga Mawenzi usoni, na kila bonde lake laonekana. Kisha mawingu hupanda kutoka misituni, na mara nyingi kabla ya adhuhuri mlima wote umefunikwa. Tena alasiri jua huwa mbele ya macho, na maji hung'aa hata mtu hawezi kuyatazama. Basi wale ambao hupanga kuanza sherehe saa nane, kama ilivyo desturi ya karamu zetu, hufika baada ya mlima kujificha. Kutoka Voi mpaka Taveta ni maili sabini hivi. Matatu ikiondoka saa kumi na moja alfajiri, ikiwachukua watu wa Wundanyi walioteremka na kungoja Mwatate, yaweza kuwafikisha wote ukingoni saa mbili au saa tatu, wapate chai huku Kibo kingali wazi.

Kabla ya siku hiyo, mwenye karamu au mjumbe wake hana budi kwenda kupiga hodi. Nchi ya kandokando ya ziwa si pori lisilo na mwenyewe. Yampasa kumwona chifu wa mahali, na kuwauliza wenye ardhi ni wapi magari huruhusiwa kusimama na ni wapi moto huruhusiwa kuwashwa. Wavuvi wa huko wapewe heshima yao. Wao ndio walijuao ziwa, na kijana mmoja wao akiajiriwa kwa siku moja kuwa kiongozi atakuwa na faida kuliko mpiga picha. Watu wazima wachukue vitambulisho, kwa kuwa ni mpakani. Mashua nazo ziachwe. Mtu akipiga makasia dakika chache tu amekwisha kuvuka na kuingia nchi nyingine bila ruhusa, na hilo si kosa lake kubwa kuliko yote, kama itakavyoonekana.

Maana ndani ya Ziwa Chala mna mamba. Neno hili halionekani kuwa kweli kwa mtu asimamaye juu. Maji yametulia, yana rangi ya nguo mpya, hayana matope wala matete mengi, na joto la Taveta humfanya kila kijana atamani kuvua shati. Mwaka 2002 msichana mmoja Mwingereza, aliyekuwa amekuja Kenya kufanya kazi ya kujitolea, aliogelea humo pamoja na wenzake, akakamatwa na mamba na kufa. Alikuwa kijana mwenye afya, hakuwa peke yake, na maji yalikuwa mazuri kama yalivyo siku zote. Mtu akiisikia habari hiyo asiseme kwamba ni ya zamani. Mamba huishi miaka mingi.

Kwa hiyo kanuni ya karamu ya Chala ni moja tu, nayo yapasa kutajwa siku ya kualika, wala si baada ya kufika: hakuna mtu aingiaye majini, hata kuosha miguu, hata kuteka maji ya kunawia. Maji yote yachukuliwe kutoka Taveta katika madebe. Mjomba atakayesema kwamba aliogelea hapo ujanani mwake asikatazwe kusimulia, lakini asipewe watoto wa kuwaongoza.

Hatari ya pili haina meno, na pengine ndiyo iliyo karibu zaidi. Ni ukingo wenyewe. Juu pana majani makavu yatelezayo na mawe madogo yasiyoshikamana, na mahali pengine kichaka huficha mwisho wa ardhi. Turubai lifungwe hatua hamsini au zaidi kutoka ukingoni. Mtoto hukimbia kumfuata mwenzake bila kutazama mbele, kwa hiyo michezo ya mpira haifai kabisa upande wa ziwa. Wacheze nyuma ya magari. Watu wazima wawili, wasionywa pombe, wapewe kazi ya kulinda tu, wakipokezana na wengine kila saa. Watu hukubali kwa urahisi kupika na kuimba. Kazi ya kulinda huachiwa kila mtu, maana yake haina mtu. Yafaa majina yao yaandikwe katika karatasi ile ile yenye hesabu ya mchele na mbuzi.

Ipo njia ya kuteremka mpaka karibu na maji. Vijana wenye viatu vizuri waweza kwenda wachache wachache pamoja na kiongozi, wasimame juu ya mawe mbali na maji, kisha warudi. Kushuka ni rahisi. Kupanda jua la saa sita ni jambo jingine, na wenye maradhi ya moyo au magoti wabaki juu. Hawatakosa kitu. Kwa kweli uzuri wa Chala u juu, na yule anayeshuka huupoteza mlima, kwa kuwa ukuta humzibia.

Chakula kisiwe cha fahari. Taveta ni nchi ya ndizi, na siku zake kuu za soko ni Jumatano na Jumamosi. Karamu ikiwa Jumamosi, mtu mmoja atangulie sokoni, wengine wapite moja kwa moja, wasije wakanaswa katika msongamano wa mikokoteni. Kimanga kilichopikwa Wundanyi usiku na kufungwa vizuri hustahimili safari, na hakihitaji moto. Chai iletwe katika chupa za chai. Nyama ya mbuzi ikitakiwa, ichomwe juu ya jiko la makaa lililowekwa katika udongo mtupu, na madebe mawili ya maji yakae kando. Katika Agosti cheche moja yaweza kuchoma malisho ya watu wengine. Choo kichimbwe mbali na ukingo, upande wa nyuma, kisha kifukiwe. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu mwaka 2017, lakini chupa za soda bado huonekana zikimeta katika vichaka vya mahali pengi pazuri. Zilizokuja zimejaa zirudi zikiwa tupu.

Kuhusu muziki, vipaza sauti viachwe Voi. Sauti ya mtu mmoja aimbaye vizuri juu ya shimo lile yatosha, na kuta humwitikia.

Wakati nyama ikiiva wazee wapewe nafasi ya kusema, maana hapo wana mengi ya kuwaonyesha watoto kwa kidole. Wenyeji wana hadithi ya kijiji kilichomezwa na ardhi na kuwa ziwa. Mmisionari Charles New alifika huko mwaka 1871. Na kilima cha Salaita, ambacho kila mtu alikipita asubuhi bila kukitazama, ndicho ambapo jeshi la Waingereza lilirudishwa nyuma na Wajerumani tarehe 12 Februari 1916. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts hakukiendea tena kwa mbele. Aliwatuma askari wa farasi wazunguke kwa upande wa kaskazini, nao tarehe 8 Machi wakashika vilima hivi hivi vya Chala, na Wajerumani wakakiacha Salaita. Reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo, na mizigo ambayo reli haikuifikisha ilibebwa na Waafrika vichwani, maelfu kwa maelfu, ambao wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa wala makaburi yao hayajulikani. Katika jamaa ya watu ishirini na watano wa Taita huenda yupo ambaye babu wa babu yake alipita hapo na mzigo. Ikiwa hivyo, hotuba ya kumsifu karani yaweza kungoja.

Saa kumi kasorobo turubai hufunguliwa. Nyika ya Tsavo haifai kupitwa gizani, kwa sababu ndovu huvuka barabara, na dereva aliyeamka usiku wa manane huwa amechoka. Makaa humwagiwa maji, kisha majivu hushikwa kwa mkono ili kuhakikisha yamepoa. Walinzi wa zamu ya mwisho hutembea ukingoni mara moja zaidi, wakitazama chini ya kila kichaka. Watu huitwa kwa majina, sio kuhesabiwa kwa vichwa, kwa kuwa kichwa kimoja huweza kuhesabiwa mara mbili. Wakiitika wote ishirini na watano, matatu huwashwa, na mjini Taveta husimama robo saa ili akina mama wanunue ndizi za kupeleka kwa wale binamu ambao hawakualikwa.